Waliokwenda Msumbiji

Pale mgodini Ngongolo mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba Anzigari Nyenza amekufa. Mkewe hajui. Ukimwuliza Skolastika mumewe yuko wapi, atakujibu bila kuinua macho kwenye mchele anaoupeta: alikwenda Msumbiji kutafuta kazi, hakurudi. Nenda nyumba ya pili, uliza. Alikwenda Msumbiji kutafuta kazi, hakurudi. Nyumba ya tatu maneno ni yale yale, na pumzi inakatwa pale pale, baada ya neno kazi. Laini nzima ya nyumba za wachimbaji ina wanawake arobaini na mmoja walioachwa na waume waliokwenda Msumbiji, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza wanaume wote wale waliondokaje siku moja, bila begi na bila kuaga, na huko Msumbiji kuna kazi gani ya kuwamaliza wote.

Wako Shimo la Tatu, mita mia tatu na ishirini chini ya miguu yetu, nyuma ya ukuta wa zege. Walikufa mwaka juzi, mwezi wa tano, siku ya Jumanne, siku ya nne ya mgomo wa kukaa shimoni, baada ya Kampuni kuzima feni ya kusukuma hewa. Nataja siku kwa sababu najua watu wanaozimeza siku. Sisi Wangoni tunao wazee wetu walionyongwa na Mjerumani wakafukiwa shimo moja, na mpaka leo tunawahesabu. Mtu asinifundishe kusahau.

Wengine wote wamepoa. Ndivyo tunavyosema huku. Kuna jengo jeupe nyuma ya zahanati, limeandikwa Kituo cha Utulivu, na ndani mna viti sita, na juu ya kila kiti imening'inia kofia nzito mfano wa sufuria lililofunikwa. Unakaa, unavishwa, unaambiwa usimulie kile kinachokuuma. Unasimulia. Kofia inaifuata njia ambayo maneno yanapandia, inashuka nayo mpaka chini kabisa yanakotoka, na huko inaziba. Ukimaliza unaomba maji ya kunywa, unakwenda zako kupika. Hakulazimishwa mtu. Hilo ndilo linalonichoma: walipanga foleni wenyewe, wakiwa wamevimba macho, na walipotoka wakashukuru.

Mimi wakati huo nilikuwa mahabusu. Nilikuwa katibu wa wachimbaji, mgomo niliuitisha mimi, na wakati wenzangu wanakufa nilikuwa juu, getini, kwenye simu ya waya inayokwenda shimoni. Nilikamatwa mchana ule ule. Skolastika alikuja kuniona mara moja tu. Alisimama upande wa pili wa wavu, hajalala siku tisa, kanga imegeuzwa ndani nje. Alisema kesho yake anakwenda Kituo, kwamba hawezi, kwamba nisije nikamkumbusha.

"Niapie, Odilo."

Nikaapa kwa kaburi la mama yangu. Mtu akiwa nyuma ya wavu huapa lolote.

Nilitoka baada ya miezi kumi na minne. Nilishuka mwanzo wa Laini na mfuko wangu mkononi, malori yasiyo na dereva yakinipita moja moja yamebeba kinywe, yale madini ya kutengenezea penseli, vumbi lake jeusi linang'aa hewani, na wa kwanza kuniona alikuwa yeye. Akaita kwa sauti ya kufika nyumba ya kumi: kumbe mla panya amerudi, magereza yameishiwa panya? Wanawake wakaangua kicheko. Nilipaswa kujibu. Yeye Mhehe, mumewe Mhehe, mimi Mngoni. Babu zetu walichinjana miaka mingi mpaka wakachoka, ndipo wakakubaliana watukanane badala ya kuuana, na mkataba huo haujavunjwa. Mtani hakasiriki. Akikuita mla panya unamwita mla mbwa, akikamata kuku wako unamshikia kamba. Na msibani mtani ndiye mwenye kazi: anachimba kaburi, anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake na kikohozi chake mbele ya wafiwa mpaka mjane acheke katikati ya kilio. Msiba ambao watani hawajaucheza haujaisha. Wa Anzigari ulikuwa hata haujaanza.

Nikamjibu kitu, sikumbuki nini. Wakacheka tena. Nimekaa selo ya peke yangu siku ishirini na sita, na sikuwa mpweke kama nilivyokuwa pale, katikati ya watu wanaofurahi kuniona.

* * *

Mahabusu nilisoma kitabu kimoja tu, mara saba, kwa sababu ndicho kilichokuwapo. Hakikuwa na jalada wala kurasa za mwisho. Kilihusu nafsi ya mtu, na aliyekiandika hakuwahi kuona mgodi, lakini mimi nilikielewa kwa mgodi. Kila mtu ana geti, na getini pameketi karani anayedhani yeye ndiye Kampuni: anaandika nani kaingia na nani katoka, anajibu salamu, anasema mimi, mimi. Nyuma ya karani amesimama msimamizi mwenye sauti ya baba yako, hachoki kukaripia. Na chini yao wote kuna shimo, na shimo halijui aibu wala saa wala kifo. Kile ambacho karani hawezi kukiandika anakitupa shimoni. Kinachotupwa hakifi. Kinatafuta tundu jingine la kutokea, na kikitokea kimevaa nguo za mtu mwingine.

Ndiyo maana niliporudi nilianza kuona. Wanawake wa Laini hawapiti njia ya getini. Wanazunguka bondeni, nusu saa zaidi, na ndoo vichwani, na ukiwauliza wanasema kule kuna kivuli. Hakuna kivuli. Skolastika hawezi kukaza komeo la mlango wake. Mkono unafika kwenye chuma unakufa ganzi, vidole vinalegea kama vya mtoto aliyelala. Kituo wamempa vidonge. Yeye anasema ni baridi. Mimi ninajua kwamba Anzigari alipokwenda kukaa shimoni alimwambia asikaze komeo, maana huenda akarudi alfajiri.

Na mimi mwenyewe sikio langu la kushoto halisikii tangu siku ya kukamatwa. Nimewaambia watu wote kwamba ni kirungu cha askari. Daktari wa magereza alilimulika akasema sikio ni zima, halina jeraha lolote. Nilimwona mwongo, na katika mkoa huu hilo halikuwa jambo la kushangaza.

Basi mwezi huu ikaja habari kwamba Baraza la Uchunguzi litaketi mjini Alhamisi. Kampuni inataka Shimo la Tatu lifukiwe kabisa, na kwa sheria ni lazima kwanza iulizwe kama ndani mna mtu. Hati yao inasema hapakuwa na mtu. Na sheria, nisikilize vizuri, inasema mtu ambaye mwili wake haukuonekana hahesabiwi kuwa amekufa mpaka ndugu wa damu au wa ndoa asimame amdai. Rafiki hatoshi. Katibu hatoshi. Wangefukia watu arobaini na mmoja kwa mujibu wa sheria, kwa sababu hakuna aliyewakosa.

Nilikwenda Kituo, Ijumaa asubuhi, kumwona Eufrasia Luambano. Ni mama wa makamo, ndiye mwendesha kofia tangu jengo lifunguliwe. Watu humwamkia kwa heshima, ila haalikwi popote. Nilimwuliza kama kilichozibwa kinaweza kuzibuliwa. Alinieleza taratibu, kama anayefundisha mtu kufunga dripu. Alisema kofia haifuti kitu. Ingekuwa inafuta, mtu angetoka hapo na matundu, asingejua hata kufunga kanga, maana kila kumbukumbu imeshikana na nyingine kama mizizi ya ukoka. Inachofanya ni kile ambacho akili yenyewe hufanya ikizidiwa, kuufunga mlango, ila inafanya kwa nguvu zaidi na kwa siku moja. Halafu pale juu panawekwa sentensi fupi ya kufunikia, ili mtu akiulizwa awe na la kujibu. Sentensi ya Laini ilitoka ofisi ya Kampuni. Yeye angewapa kila mmoja ya kwake, lakini hakuulizwa.

Nikauliza: ukimwambia tu? Ukimwambia kwamba mumeo amekufa?

Alisema atakusikia kama unavyosikia habari za redio. Ataudhika kidogo, atakujibu Msumbiji. Maneno ya getini yanaishia getini. Labda kitu kinachopita bila kuomba ruhusa: harufu, wimbo, namna mtu alivyokuwa anakohoa. Kisha akaniangalia.

"Lakini Skolastika aliomba mwenyewe, Bwana Ngonyani. Alilia hapo kwenye kiti akaomba. Wewe unataka kumpa nini badala yake?"

Nilimjibu kwa hotuba. Ninazo nyingi. Nilimwambia kuhusu haki, na wazee walionyongwa, na kwamba utulivu wa mnyonge ni usingizi wa kondoo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kuna watu wanasubiri nyuma yangu.

Njiani nilijiuliza lile swali ambalo sikutaka aniulize mtu mwingine. Kama Baraza lisingekuwapo, kama pasingekuwa na shimo la kufukiwa, je, ningemwacha Skolastika na mchele wake? Jibu lilikuwa hapana. Nilikuwa nataka mtu wa kukumbuka naye. Nilikuwa na njaa hiyo kama njaa ya kawaida, ya tumbo. Na bado nilisema: ni kwa ajili ya wale arobaini na mmoja.

* * *

Jumapili baada ya misa, jua limesimama, nilivaa koti la Anzigari. Alikuwa ameliacha kwangu wiki moja kabla ya mgomo, na kwapa zake zilikuwa bado zina jasho lake. Nilikuwa nimepata njia ya kupita kando ya kiapo. Niliapa kutomkumbusha. Sikuapa kutotaniana. Wala nisingetamka neno lolote la kifo, ningefanya tu kazi ya mtani ambayo nilikuwa na deni nayo, na kama shimo lake lingesikia, basi ni shimo limesikia. Msimamizi wangu mwenye sauti ya baba alisema huo ni ujanja wa wakili. Nikamwambia anyamaze.

Anzigari alitembea kifua mbele na mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba ambalo si lake. Alikohoa mara mbili kabla ya kubisha hodi, kikohozi kikavu, cha kujitangaza. Nikakohoa mara mbili.

"Kamwene," nikamsalimia Kihehe, kwa sauti yake.

Skolastika alikuwa anachambua mboga uani. Hakugeuka.

"Vua viatu, usiniletee kinywe ndani," akasema.

Kisha mikono yake ikasimama. Akageuka akaniona mimi, mla panya, nimevaa koti lisilonienea, akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema nimechanganyikiwa, jela imenitoa akili. Sikutoka kwenye mchezo. Nililalamika kwamba ugali wa jana ulikuwa laini kama ahadi ya diwani. Nilikagua paa. Nilimwambia mama mkwe wangu ana sauti ya kufukuzia nguruwe pori. Kila neno lilikuwa la Anzigari, na yeye kila neno alilijibu papo hapo kama anayedaka mpira, majibu ya ndoa ya miaka kumi na mitatu, na alipokuwa anajibu alikuwa anacheka, na alipokuwa anacheka machozi yakaanza kushuka, na hakuyafuta kwa sababu hakujua kwamba yapo.

Hapo ningeacha. Mtani mwenye adabu huacha hapo. Lakini nilikuwa nimenogewa, nilikuwa na rafiki yangu mdomoni, baada ya miaka miwili, na sikutaka kumtoa. Nikaamua kumwiga akiwa shimoni, kwenye simu. Kila asubuhi ya mgomo alinipigia kunitukana. Nilidhani nitabuni matusi yoyote.

Nikaweka ngumi kwenye sikio la kushoto kama mkono wa simu. Nikakohoa.

"Wewe mla panya. Hewa ya huku imekuwa nzito. Taa ya kipimo imegeuka njano tangu saa moja. Mnataka kutuzika na sisi hatujaoga?"

Sikuwa nimebuni. Sikio la kushoto lilikuwa limefunguka, vikaingia upepo na kuku na redio ya jirani vyote kwa pamoja, na chini yake ile sauti ya waya, yenye mikwaruzo, ikingoja. Ilikuwa Jumanne. Ilikuwa saa mbili asubuhi.

"Naye mla panya akasemaje?" Skolastika aliuliza. Alikuwa bado ndani ya mchezo, kisu cha mboga mkononi, uso umelowa.

Kwa miaka miwili niliwaambia polisi, wanasheria, mahabusu wenzangu na Mungu kwamba hawakupata onyo, kwamba hewa ilikatika ghafla. Niliamini. Ungenivisha kofia yoyote ya kupima uongo ningepita. Na kumbe kizimba, ile lifti ya kuwapandisha kutoka shimoni, kilifanya kazi mpaka saa nne. Walikuwa na muda wa saa mbili. Walikuwa wameniuliza.

"Akasemaje?"

"Alicheka," nikasema, kwa sauti yangu. "Akasema kaeni humo humo. Nyama ya mbwa haiozi upesi."

Kwa sababu ilikuwa utani. Anzigari hakuwahi kuniambia jambo lolote kwa njia nyingine. Mkewe alipojifungua mtoto akafariki, aliniletea habari ile kwa tusi. Mngoni na Mhehe hawana lugha ya kuambiana ninaogopa. Na yeye, kule chini, alipolisikia jibu langu alicheka pia, nilimsikia, akawaambia wenzake kitu, nao wakacheka, wanaume arobaini na mmoja, kisha akakata simu.

Skolastika aliweka kisu juu ya mboga. Hakupiga kelele. Alikaa chini polepole, miguu imenyooka mbele, kama wanavyokaa wafiwa.

* * *

Alikaa hivyo mpaka jua likasogea. Kisha akaniambia nivue koti. Akalipokea, akaliweka mapajani. Akauliza ni wangapi, nikamwambia. Akauliza nani mwingine anajua kuhusu hilo jibu, nikamwambia hakuna, hata mimi sikuwa najua mpaka sasa hivi. Alinitazama kwa muda kuona kama nadanganya. Nadhani aliona sidanganyi, na nadhani hilo ndilo lililomwudhi zaidi.

Nilimweleza Baraza. Nilimweleza sheria ya mdai, feni, ukuta wa zege, nani alitoa amri na saa ngapi. Alisema atakwenda. Alisema atamdai mumewe na atasema yote.

Yote. Nilielewa. Na hapo katibu wa wachimbaji akaamka. Nikaanza kumpangia. Nilimwambia wakili wa Kampuni akilipata jibu lile ataacha kuzungumzia feni kabisa. Atasema walionywa na taa, kizimba kilikuwapo, kiongozi wao akawazuia. Watanifunga mimi, sawa, nimezoea, lakini Kampuni itatoka mikono myeupe na watu arobaini na mmoja watakuwa wamejiua wenyewe. Nilimwambia feni ni kweli. Kwamba kusema kweli moja na kuiacha nyingine si uongo. Sentensi moja tu, shemeji. Iache hiyo moja chini.

Nilisema maneno hayo. Chini.

"Kumbe na wewe una Kituo chako," akasema.

Alinyanyuka, akaingia ndani na koti, akatoka na kanga nyingine mabegani. Alisema nilimwapia, nikakivunja kiapo kwa mlango wa nyuma, na sasa namwomba yeye aniapie. Alisema haya bila hasira, ndiyo maana yaliuma. Kisha akaniomba niondoke, kwa jina langu kamili, Odilo Ngonyani, kama anavyoita karani wa hospitali. Hakuniita mla panya.

* * *

Jumatano nilirudi kwa Eufrasia. Sikumwambia nataka nini, alijua. Kiti cha mwisho kilikuwa kitupu.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Nivishwe kofia, lile jibu lizibwe, nisimame Alhamisi nimwambie Jaji kwamba hawakupata onyo, na niwe ninasema kweli yangu yote. Skolastika angesema lake, mimi langu, na nani angemwamini mwanamke aliyekuwa amepoa mpaka juzijuzi dhidi ya mtu ambaye mkoa mzima unajua hajasahau kitu? Feni ingebaki peke yake mezani. Wafu wangeshinda. Na mimi ningelala.

Nilikaa. Kofia ni nzito kuliko inavyoonekana, na ndani ina harufu ya nywele za watu wengi. Eufrasia akaniambia nianze nitakapo, nisiruke kitu, maana inaziba kile tu kilichosimuliwa. Alivuta kiti akakaa karibu, upande wa kushoto.

Nikasimulia. Taa ya njano, saa mbili, mikwaruzo ya waya. Nilisimulia kicheko chake na changu. Nilisimulia nilivyomgeukia mlinzi wa geti baada ya simu nikamwambia hawa Wahehe kwa kulalamika hawajambo. Ilichukua kama robo saa. Nilipofika kwenye jibu nililisema, na nilipolisema niligundua kwamba ni mara ya kwanza tangu nizaliwe nimemwambia mtu jambo bila kulivisha hotuba wala tusi.

Eufrasia alikuwa ameweka kidole kwenye swichi. Nikamwuliza kama yeye amewahi kuvaa.

Alisema mwendesha kofia haruhusiwi, maana lazima mtu mmoja ajue nini kimezibwa na wapi. Akaniambia alisikia wanawake wote wa Laini, mmoja mmoja, na mimi ni wa arobaini na mbili. Anajua Anzigari alimwambia nini mkewe kuhusu komeo. Anajua majina ya watoto waliokuwa bado tumboni. Kiapo cha kazi kimemfunga mdomo. Akirudi nyumbani anawasha redio asisikie mtu anaongea.

Na mimi miezi yote hii natembea Ngongolo nikisema mimi peke yangu ndiye ninayejua.

"Niendelee?" akauliza. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mpagazi anayeinamisha kichwa apokee mzigo mwingine.

Nikaelewa kwamba pale ndani hakuna kinachozibwa. Kinahamishwa tu, mtu mmoja anatua, mwingine anabeba. Nilisema hapana. Ilibidi anisaidie kuivua, na alipoivua alibaki ameishika mapajani, asijue aitundike au aiache.

* * *

Baraza liliketi katika ukumbi wa halmashauri. Jaji alikuwa mzee mwembamba mwenye mafua. Wakili wa Kampuni alikuwa na meza ndefu na vijitabu, upande wetu kulikuwa na mabenchi, na mabenchi yalikuwa matupu isipokuwa mimi. Wanawake wa Laini hawakuja. Wangekuja kufanya nini, waume zao wako Msumbiji.

Saa tatu na nusu Skolastika akaingia. Alikuwa amevaa kaniki, kichwa kimefungwa, na alikwenda kukaa benchi la mbele kabisa, mbali nami. Karani akauliza kama yupo mtu wa kusema kabla ya wadai kuitwa. Desturi ni kunyamaza hapo. Nilisimama.

Wakili alipinga, akasema huyu ni mchochezi aliyewahi kufungwa. Jaji akapenga kamasi akasema hata mchochezi ana macho, aseme alichoona. Nikasema sikuona, nilisikia. Nikalitaja jina la meneja aliyeamuru feni izimwe, na saa. Kisha nikasema simu ya saa mbili, neno kwa neno, na jibu langu, neno kwa neno. Nikasema kizimba kilifanya kazi mpaka saa nne. Wakili aliacha kuandika akanitazama kama mtu aliyeokota kitu barabarani na anaogopa kukiweka mfukoni.

Karani hakulipata vizuri lile jibu, akaomba nilirudie kwa sauti. Nikalirudia. Neno lile, katika ukumbi ule, mbele ya bendera na feni za dari. Utani unataka mtu wa kuujibu, ndipo unakuwa utani. Nikangoja, ni mazoea. Hakujibu mtu.

Jaji akaniuliza: "Ulipowaambia wakae, ulikuwa unatania au ulikuwa unaamuru?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilitaka kumweleza babu zetu, vita, mkataba, panya na mbwa. Nilitaka kumweleza shimo na karani.

"Nilikuwa natania, mheshimiwa," nikasema. "Lakini mimi nilikuwa kiongozi wao. Kwao ilikuwa amri."

Akaandika mwenyewe, kwa mkono wake. Akaniambia nikae, nisiondoke ukumbini. Askari mmoja alisogea akasimama nyuma ya benchi langu.

Skolastika akaitwa. Alipita mbele yangu, karibu kiasi kwamba kaniki yake iligusa goti langu, na hakuniangalia. Karani akamwuliza yeye ni nani, akasema. Akaulizwa anamdai nani. Pale alisita, mdomo wazi, na nikaona ile sentensi ya Kampuni inapanda kooni mwake, nikaiona kabisa, ikafika mpaka kwenye meno. Wakili naye aliiona, akainamia mbele.

Aliimeza. Kisha akataja jina la mumewe, na la baba wa mumewe, na kijiji alichozaliwa, akasema amekufa, yuko Shimo la Tatu, na kwamba amekuja kumchukua.